Siku ya Tisa, Mwezi wa Tatu

Songnae, siku ya 3, mwezi wa 5

Mwanangu Hyeon-ik,

Hujambo, baba? Unakula vizuri huko, au bado unashindia tambi za kopo? Mimi sijambo, ila goti la kushoto linanisumbua, na vitunguu saumu vya mwaka huu vimetoka vidogo hata aibu kuviuza.

Najua umenipigia simu wiki nzima. Naiona inawaka, naiangalia, kisha naifunika kwa taulo. Usikasirike, na ukishasoma hii usinipigie tena. Niandikie. Mwandiko wako naujua tangu ulipokuwa unageuza herufi miguu juu. Sauti yako siiamini tena.

Ni hivi. Siku ya tisa ya mwezi wa tatu nilikuwa jikoni napika mikate ya mchele ya tambiko la baba yako. Simu ikalia. "Mama, ni mimi." Ulikuwa wewe, hata kile kikohozi chako cha kabla ya kusema jambo baya. Ukasema umegonga mtu kwa gari, umewekwa ndani, na wakubwa wako wakijua utafukuzwa kazi. Wakili atamtuma mtu nyumbani, nimpe chochote nilicho nacho, nisimwambie yeyote. Ukalia, Hyeon-ik. Hukuwahi kulia mbele yangu tangu tulipomzika baba yako.

Akaja mwanamke wa kama miaka sitini, viatu vimechakaa. Nilimpa fedha yote ya kaburi langu. Bahati sanda nilikuwa nimeshainunua katika ule mwezi wa ziada, kama wenzangu wote. Nikamkalisha, nikampa maji matamu ya mchele na mikate miwili, kabla baba yako mwenyewe hajaonja. Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, dada, sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi." Nikamhurumia! Mimi, mjinga wa wajinga, nikamhurumia!

Siku mbili baadaye ukapiga, unacheka, unauliza kama mvua imenyesha. Nikaelewa. Nilikaa kimya kwa aibu. Mama wa polisi, tena polisi wa kukamata matapeli wa simu! Kila ukipiga nikawa nakujibu maneno mawili na kukata. Sasa hata hayo mawili yamenishinda.

Yule mwanamke amekamatwa wilaya nyingine. Anaitwa Pyo Sun-deok, na mwenyewe ametaja kwamba alifika Songnae. Afisa wa kituo akaja kuniuliza ilikuwa lini. Nikamwambia siku ya tisa, mwezi wa tatu. Akaandika, nikaweka dole gumba.

Nataka kitu kimoja. Huyo Pyo aozee ndani, na waliomtuma wakakae naye.

Mama yako


Ubalozini, 5 Julai 2023

Shikamoo, Mama,

Natumaini goti limepoa. Mimi mzima, ila tangu nisome barua yako chakula hakipiti. Imechelewa mno, au umekosea tarehe pale juu, maana umeandika mwezi wa tano. Posta wa huko wanalala.

Samahani, Mama. Sina neno lingine kwa sasa.

Nimeipata nakala ya maelezo yako. Simu ilitoka katika mji huu huu ninaoishi. Jengo lenyewe nalijua, ghorofa tisa, madirisha ya buluu yenye nondo. Naliona kutoka dirisha la choo cha ofisi. Kila nikienda kunawa naliona. Ndani yake kuna mamia ya watu wanaopiga simu kutwa, wengine wamekuja wenyewe, wengine wamefungiwa. Na mimi, afisa wa polisi wa miaka kumi na tisa kazini, siwezi hata kugonga geti. Hapa mimi si polisi. Ni mgeni mwenye kadi nzuri na suti.

Nikueleze karatasi inavyotembea. Mimi naandika kwa makao makuu Seoul. Makao makuu wanaandika kwa wizara. Wizara inaandika kwa wizara nyingine, ile inautuma waraka kwa ubalozi, yaani unarudi kwenye jengo letu, lakini ghorofa ya juu. Ghorofa ya juu wanaupeleka kwa wizara ya nchi hii, nao wanaupeleka kwa polisi wao, nao wakijisikia wanaupeleka kwa kampuni ya simu. Kampuni iko mtaa wa pili kutoka hapa. Kwa miguu ni dakika nne.

Tena kwa kuwa mimi ni mwanao, jalada siruhusiwi kulishika. Kazi yangu ni ya tarishi tu.

Pyo anasema aliomba kazi ya kukusanya nyaraka za ofisi ya mawakili, akawa anapokea maagizo kwa ujumbe wa simu ambao ulikuwa unajifuta. Polisi hawakukuta kitu kwenye simu yake. Kama anasema kweli, kumbukumbu za kampuni zitamsafisha. Kama anadanganya, zitamzika. Kampuni inazitunza siku mia na hamsini, kisha inazifuta. Kuanzia tarehe 9 Machi, mwisho ni 6 Agosti. Nimeomba za siku hiyo, na nimepiga mstari mwekundu chini ya tarehe.

Kunywa dawa ya presha.

Mwanao, Hyeon-ik


Songnae, siku ya 8, mwezi wa 6

Mwanangu,

Hujambo? Huku joto, mbu, na Bwana Ma, mwenyekiti wa kijiji, anatangaza kwenye kipaza sauti tangu alfajiri kwamba tusipokee simu za watu tusiowajua. Namwambia, na za tunaowajua je? Anaongeza sauti tu.

Niliitwa mjini tukutanishwe uso kwa uso na yule nyoka. Mwendesha mashtaka, kijana msafi mwenye kola nyeupe, alitukalisha meza moja. Pyo amekonda. Alipiga magoti sakafuni, akasema, "Dada, nisamehe, sikujua. Mume wangu amepooza, kazi ya kusafisha ilikwisha, nikaona tangazo." Machozi mengi. Nikageuza uso, maana nilikuwa karibu kuyaamini.

Kisha akaulizwa alianza lini kazi hiyo. Akasema mwishoni mwa mwezi wa nne, na kwamba kwangu ndiko alikoanzia, na baada yangu alikwenda nyumba mbili tu. Mwezi wa nne! Mwishoni mwa mwezi wa nne mimi nilikuwa nimeshang'oa vitunguu na kuvining'iniza! Nikasimama, goti na yote. Nikamwambia, "Wewe, ulikula mikate ya marehemu siku ya tisa mwezi wa tatu, halafu unanidanganya machoni?" Akanitazama kama haelewi. Akasema, "Dada, hapana. Maua ya cheri yalikuwa yameshaanguka." Nikamwita mwongo, kwa neno hilo hilo, mara tatu.

Kijana wa kola nyeupe alifurahi sana. Alisema kama mtu anadanganya siku, anadanganya yote. Maana kama alikuwa kazini tangu mwezi wa tatu, basi alifanya wiki nyingi, na mtu hawezi kufanya wiki nyingi bila kujua anachofanya.

Nilirudi na basi nikiwa na kichefuchefu. Ule uso mnyonge, yale magoti, kumbe maigizo. Hata matapeli wa sauti wananiudhi kidogo kuliko yeye. Wao hawakula kwangu.

Karatasi yako imefika wapi? Mtaa wa pili?

Mama yako


Ubalozini, 12 Agosti 2023

Shikamoo, Mama,

Hali yako? Yangu mbaya, na sitaificha.

Majibu yamekuja tarehe 3, siku tatu kabla ya mwisho, na nilishangilia bure. Mstari mmoja, muhuri mkubwa: tarehe 9 Machi hakuna simu wala ujumbe wowote uliokwenda kwenye namba yako wala ya Pyo. Hakuna kabisa. Nadhani wamefuta kwa makusudi. Nimeandika tena, nimejibiwa kwamba suala limefungwa.

Mama, kuna mambo mawili nimeyaweka moyoni yanaozea humo. Afadhali niyatoe.

La kwanza. Wataalamu wetu wanasema sauti yangu ilitengenezwa kwa kompyuta, na ili kuitengeneza wanahitaji dakika chache za mtu akizungumza. Unakumbuka ile video niliyorekodi kabla sijaja huku, ya kuwaonya wazee? "Mama, Baba, mtoto wako akipiga simu akilia, kata, kisha mpigie wewe." Wameichukua hiyo. Hata kikohozi kimo mle, nilikohoa mwanzoni na hatukukikata. Wamenitoa kwenye onyo langu mwenyewe wakakuletea.

La pili. Wiki iliyopita kamanda wa polisi wa hapa alitualika chakula. Meza ndefu, samaki, nyama, nyimbo. Karibu yangu alikaa mtu wa kwetu, mnene, mwenye mvi zilizochanwa vizuri, wanamwita Mkurugenzi Gu, mwekezaji. Jengo la madirisha ya buluu ni lake. Kila mtu mezani anajua, na kila mtu alikuwa anamkatia samaki. Aliposikia lafudhi yangu akafurahi, "Ala! Mtu wa kusini! Kaka yako mimi, nimezaliwa bonde la pili kutoka kwenu!" Akanimiminia pombe.

Nikaipokea kwa mikono miwili, Mama. Nikageuza kichwa pembeni, nikainywa, kama ulivyonifundisha mbele ya mtu mzima. Mikono ilikwenda yenyewe. Nilipozinduka glasi ilikuwa tupu.

Akainama sikioni kwangu. "Mama yako hajambo? Bado analima vitunguu saumu?" Sikuwa nimemwambia kitu kuhusu wewe.

Ningefanya nini? Nimkamate kwa sheria ipi? Kamanda alikuwa anapiga makofi kufuatisha wimbo. Nilikwenda chooni nikanawa mikono hadi ngozi ikauma, na bado nahisi ile glasi vidoleni.

Kuhusu Pyo, niseme nini. Karatasi haikumsafisha. Labda uko sahihi.

Mwanao, Hyeon-ik


Songnae, siku ya 26, mwezi wa 7

Mwanangu,

Hujambo? Usijilaumu kwa glasi. Mimi nilimpa mwizi mikate, wewe ulipokea pombe ya mwizi, tumelingana. Ila huyo Gu anitajiaye vitunguu vyangu, mwambie nina jembe.

Jana tumekwenda na binamu yako kufyeka nyasi kaburini kabla ya sikukuu. Binamu alifyeka, mimi nikakaa na kusengenya na baba yako. Nilimwomba msamaha kwa jambo ambalo halijaniacha kulala. Tambiko lake la mwaka huu nililifanya kesho yake tu baada ya yule nyoka kuondoka, kwa mikate ya sufuria ile ile. Sikupika mingine, sikuwa na nguvu. Kwa hiyo mwizi alikula kwanza, baba yako akala makombo. Nikimkuta huko aliko atanisuta.

Na wewe naye. Mwaka huu hukukumbuka tambiko mpaka nilipokutumia ujumbe wiki moja kabla. Mtoto wa kwanza wa kiume! Baba yako nilimwambia una kazi nyingi.

Hukumu ya Pyo itasomwa tarehe 12 ya mwezi wenu wa kumi, kijana wa kola nyeupe ameniandikia kwenye karatasi. Ameomba miaka mitatu. Wakili aliyepewa na serikali hana la kusema, anapindua kurasa tu. Kila kitu kinasimama kwenye ile siku, wanasema. Neno langu na neno lake.

Nitakwenda kusikiliza. Nimeshatenga nguo.

Mama yako


Ubalozini, 26 Septemba 2023

Mama,

Sisalimii. Nisamehe. Soma hii mara mbili, kisha fanya ninachokuomba siku hiyo hiyo.

Pyo hakudanganya.

Barua yako imenifikia Ijumaa. Niliposoma "kesho yake tu" nikakaa chini. Tambiko la Baba ni siku ya kumi, mwezi wa tatu, kwa mwezi mwandamo. Ulinitumia ujumbe kwamba limebaki wiki moja, nami nikahesabu likaangukia Aprili 29, limechelewa sana kwa kuwa mwaka huu mwezi wa pili ulikuja mara mbili, ule wa pili ukiwa mwezi wa ziada unaoongezwa ili hesabu yetu isiachane na majira. Siku hiyo nilisimama chumbani kwangu nikainama kuelekea kwetu. Kwa hiyo siku ya tisa yako ni Aprili 28. Mwishoni mwa mwezi wa nne wa kalenda ya ofisini, maua ya cheri yameshaanguka, kama alivyosema.

Umehesabu kwa mwandamo maisha yako yote. Siku za kuzaliwa, matambiko, hata barua zako hizi unaziandika hivyo juu, na mimi nikawasuta posta. Afisa wa kituo ni kijana, aliandika 9 Machi. Lakini mimi? Nimekulia jikoni kwako. Sanda inanunuliwa mwezi wa ziada, na uliniambia ulikuwa umeshainunua. Mwezi huo ulianza Machi 22. Yote yalikuwa mbele yangu. Nikapiga mstari mwekundu chini ya tarehe isiyo sahihi, nikaipitisha kwenye wizara tatu, na nchi mbili zikaisaka kwa mihuri. Kampuni haikuficha kitu. Hatukuwauliza siku yenyewe.

Kutoka Aprili 28, siku mia na hamsini zilikwisha jana. Jumatatu asubuhi nilikuwa mlangoni kwa ofisa wa kampuni kabla hajafika. Nilimwambia asinipe kitu, asifute tu. Akasema bila barua ya wizara hawezi hata kunikaribisha chai. Nyuma yake kwenye rafu ilikuwepo chupa ya pombe ya kwetu, ya aina ile ile ya mezani kwa Gu. "Njoo kesho." Nimekwenda leo. Zimefutwa usiku, mashine inajifuta yenyewe, ananiambia akitabasamu. Nimetamani kumshika shati. Kisha nikakumbuka kwamba hata yeye hakukosea tarehe. Ni mimi.

Nimempigia mwendesha mashtaka. Anasema mimi ni mtoto wa shahidi, neno langu halipokelewi. Shahidi mwenyewe aje abadilishe maelezo. Wakili wa Pyo hapokei simu, na ujumbe niliokuandikia wewe haufiki, simu yako imezimika. Bwana Ma nimempigia mara mbili aje akuambie, na najua umemjibu nini.

Kwa hiyo ni wewe, Mama. Kalenda ya chama cha ushirika iliyo juu ya friji ina tarehe za mwandamo kwa herufi ndogo chini ya zile kubwa. Iondoe ukutani, ibebe, nenda mjini kabla ya tarehe 12. Waonyeshe siku ya tisa iko wapi. Naituma barua hii kwa njia ya haraka kuliko zote.

Mwanao, Hyeon-ik


Songnae, siku ya 29, mwezi wa 8. Kwa hesabu yenu, 13 Oktoba

Hyeon-ik,

Mimi mzima. Wewe je?

Barua yako ilikwama kwenye mizigo ya sikukuu. Imefika jana mchana. Mimi nilikuwa nimetoka na basi la kwanza.

Bwana Ma alikuja kweli, mara mbili, na simu mkononi, anasema, "Shangazi, mwanao yuko hewani, anasema siku si sahihi." Nikamwambia siku hizi kila mwenye simu ni mwanangu, na kama ni yeye aandike. Hata alinisogezea simu sikioni. Nikasikia, "Mama, ni mimi." Nikaipiga kofi ikaangukia kuku.

Basi nilikwenda mahakamani nimevaa nguo yangu ya buluu. Jaji akasoma. Akasema mshtakiwa ameficha muda wa kazi yake, amedanganya kuhusu siku, hivyo alijua alichokuwa akifanya. Miaka miwili na nusu. Mimi nikatikisa kichwa kukubali, kwa nguvu, ili anione. Alipopitishwa mbele yangu nikamwambia, "Mwongo." Aliinama tu, kama mtu anavyomwinamia mwenye nyumba aliyemlisha.

Nilirudi nimeridhika. Nilikula bakuli zima la wali. Kisha nikaenda kwenye sanduku la barua.

Niliitoa kalenda ukutani, nikavaa miwani. Ipo. Herufi ndogo kama mbegu za ufuta, tatu na tisa, chini ya ishirini na nane. Nimeitazama kalenda hiyo kila siku nikifungua friji. Nilikaa jikoni na kalenda mapajani, na ule wali wote ukarudi juu.

Kichefuchefu nilichokuwa nacho kwa yule mwanamke kilinihusu mimi, kilikuwa kinanitafuta tu. Gu ana jengo na kamanda na chupa za kugawa. Mimi nilikuwa na mdomo, na mdomo huo ndio umemfunga.

Leo nimekwenda tena mjini na kalenda ndani ya mfuko wa mchele. Kijana wa kola nyeupe hakutaka kuiangalia. Nikaiweka juu ya meza yake, nikaketi sakafuni mlangoni kwake, mpaka wakamwita mtu wa kuandika. Nimebadilisha maelezo, nimeweka dole gumba. Wakili wake nimemfuata ofisini nikamtoa kwenye chakula chake. Kuna siku saba za kukata rufaa, na ameandika mbele yangu. Nitasimama mbele ya majaji wa juu na nitasema ni mimi niliyesema uongo bila kujua. Kama yeye anafungwa kwa kutojua, wanifunge na mimi.

Halafu nikaenda gerezani. Pyo alitoka, tukatazamana kupitia kioo. Nilikuwa nimejiandalia maneno, yote yakatoroka. Nilisema, "Ilikuwa siku ya tisa kwa mwandamo." Akaanza kuhesabu kwa vidole, polepole. Naye ni mtu wa shamba. Alipofika mwisho akafunika uso kwa mikono yote miwili. Mikate niliyombebea hawaruhusu kuingiza.

Kuna jambo la mwisho. Kama ningekupokelea simu, mwanamke huyu angekuwa kwake anamgeuza mumewe kitandani. Wale wa madirisha ya buluu walichukua fedha ya kaburi langu, sawa. Lakini sauti yako niliwaachia mwenyewe. Nimeondoa taulo. Simu iko mezani, nimeichaji.

Nipigie. Usiseme "Mama, ni mimi," yule ndivyo alivyosema. Usilie, na usikohoe. Niambie baba yako alikufa siku gani, kwa hesabu yetu, kisha nyamaza ungoje. Nitaitika.

Mama yako